Naomba ushauri: hesabu za mpango wa safari ya ndege zinajirudia zenyewe

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na programu za kupanga safari za ndege.

Nimeweka utaratibu wa otomatiki unaoanzishwa na matukio. METAR mpya (ripoti ya kawaida ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege) ikiingia, au mtu akibadilisha uzito wa mzigo, programu inakokotoa mafuta upya na kuhifadhi mpango. Upande wa METAR hauna shida. Kasheshe ni uzito: programu inatoa tukio moja tu, "mpango umebadilika", bila kusema nani kabadilisha. Hesabu ikihifadhiwa, mafuta mapya yanabadilisha uzito wa kuruka, na tukio linaanza tena. Juzi nimekuta matoleo zaidi ya 40 ya safari moja!

Nilichelewesha hesabu kwa sekunde 60, ikawa ni kuzunguka polepole tu. Kisha nikaiambia ipuuze tofauti ya mafuta iliyo chini ya kilo 50. Ikatulia, ila roho haijatulia: tofauti ndogo tatu nne zikijumlishwa si ndogo tena, na mafuta si kitu cha kukisia.

Sasa, mnatenganishaje badiliko la mtu na la otomatiki? Akaunti ya pembeni, au alama ndani ya mpango wenyewe? Na ikija SPECI (ripoti maalum, hali ya hewa ikibadilika sana) wakati mpango umeshawasilishwa kwa waongoza ndege, mnaacha hesabu iende yenyewe au inasubiri mtu aidhinishe? Kwa sasa hapo nimezima kila kitu.