Mjamzito mwenye korona anaweza kusafiri kwa basi hadi Arua?

Kijana_wa_Kawempe: Shikamooni wakubwa. Mama watoto ana mimba ya miezi saba, amepimwa na kukutwa na korona. Homa imeshuka. Kesho usiku nataka apande basi kwenda Arua kwa mama yangu akapumzike. Ataambukiza abiria? Sijalala.

Dereva_Mstaafu: Anaweza kuwaambukiza, ndiyo. Na safari ile kupitia Karuma ni kukaa usiku kucha. Nimeiendesha, najua wajawazito walivyokuwa wakishuka hawawezi kusimama.

Mkunga_Mbale: Miguu yake ikoje?

Kijana_wa_Kawempe: Imevimba kidogo. Si mimba tu hiyo?

Mkunga_Mbale: Yote miwili?

Kijana_wa_Kawempe: Wa kushoto tu. Shavu la mguu lina joto, akikanyaga linauma. Dada yangu anamchua kwa mafuta ya simsim. Tiketi nimeshalipa, mama mkunga.

Mkunga_Mbale: Acheni kuchua! Mimba yenyewe huifanya damu igande kwa urahisi, korona huongeza, kulala kutwa nzima huzidisha. Kwa wajawazito bonge la damu mara nyingi huanzia mguu wa kushoto. Bonge likichomoka likafika mapafuni linaweza kuua. Apigwe ultrasaundi ya mguu leo. Wakilikuta, kuna sindano za heparini za kuzuia damu kuganda, hazivuki kondo kumfikia mtoto. Vidonge vya warfarini huvuka, avikwepe.

Mama_Pacha_Jinja: Mimi lilinipata baada ya kujifungua, hata korona haijaja. Sindano nilijichoma tumboni mwenyewe. Wanaume, mke si gunia la kupakia basini!

Jicho_Kali: Ngojeni. Mwezi wa nne huyu aliandika hapa kuwa hana mke. Hadithi ya kutunga hii.

Mama_Pacha_Jinja: Heh! Nimeiona. Tumechezewa.

Kijana_wa_Kawempe: Niliandika, sikatai. Kwao sijajitambulisha. Wakisikia amelazwa watamchukua, ndiyo maana nataka awe kwetu.

Jicho_Kali: Weka picha ya tiketi.

Mkunga_Mbale: Tiketi ya nini? Kijana, akiongea pumzi inamkatikia? Kifua kinamchoma akivuta hewa?

Kijana_wa_Kawempe: Tangu asubuhi. Nilidhani ni korona.

Mkunga_Mbale: Inaweza kuwa korona, linaweza kuwa bonge. Nyumbani hamwezi kujua. Ondokeni sasa hivi, kwa gari, si boda.

Kijana_wa_Kawempe: Dada anasema tungoje kuche.

Dereva_Mstaafu: Hakuna kungoja. Niko Bwaise, gari ninalo. Nitumie namba yako faraghani, na hao wakwe utajitambulisha kwao huko huko wodini.