Naenda Guangzhou mara ya kwanza: nitaiwezaje treni ya chini ya ardhi?

Mama Pochi
Hamjambo wadau. Ninauza mikoba ya akina mama hapa Kamukunji, mwaka wa sita huu, na mzigo wote nimekuwa nikiagiza kupitia kwa mtu. Mara ya mwisho niliagiza pochi nyeusi mia moja na ishirini, zikaja za rangi ya boga. Nikasema basi, safari hii naenda mwenyewe. Tikiti ya China nimekata, viza ninayo, na nimeambiwa nitafute hoteli Xiaobei kwa sababu ndiko Waafrika waliko.

Kinachoninyima usingizi ni treni. Msinicheke. Treni nilizopanda maishani ni SGR ya Mombasa na ile ya Syokimau. Nimefungua ramani ya treni za Guangzhou kwenye simu, nikaona nyuzi za rangi zimepishana kama kiondo kilichoachwa katikati. Kichina sijui hata cha kuomba maji. Na hakuna konda wa kumwambia "nishukishe hapo mbele". Nijitose, ama nitenge pesa ya teksi siku zote nane? Na nikitoka uwanja wa ndege na begi langu, je?

Kijana wa Eastleigh
Teksi, mama. Didi unaiita kwa simu, inakufuata mlangoni. Umesafiri kutafuta mali, si kutafuta njia.

Mzee wa Kontena
Binti yangu, huyo kijana hajalipa teksi ya Guangzhou iliyokwama kwenye foleni ya jioni. Hiyo foleni Thika Road ni mtoto. Nilianza kwenda huko kabla Xiaobei haijawa na kituo cha treni. Laini ya 5 inayopita hapo ilifunguliwa mwishoni mwa 2009. Tulikuwa tunatembea kwa miguu na mifuko mabegani. Wewe umewekewa treni chini ya hoteli, halafu unaiogopa?

Kwanza funga hiyo ramani. Mji una laini nyingi mno na zinazidi kuongezeka, lakini muuza mikoba anahitaji mbili tu. Soko kubwa la mikoba na ngozi liko Sanyuanli. Kutoka Xiaobei unapanda laini ya 5 upande wa Jiaokou, kituo kimoja tu, unashuka Guangzhou Railway Station. Hapo unahamia laini ya 2 upande wa Jiahewanggang, kituo kimoja tena, umefika Sanyuanli. Ukitaka viatu, ukishuka kituo cha reli usihamie popote, toka nje uulize Zhanxi, ni kutembea tu.

Umeona nimesema "upande wa"? Hiyo ndiyo siri. Kule hawaandiki "kwenda mjini" na "kutoka mjini". Wanaandika jina la kituo cha mwisho. Ni kama matatu zetu: unaangalia kibao cha Rongai au cha Ngong, hata kama wewe unashukia njiani. Basi kwa kila laini utakayopanda, jua majina ya vituo viwili vya mwisho.

Na kuna mtego. Guangzhou Railway Station, Guangzhou East na Guangzhou South ni stesheni tatu tofauti, zimeachana mbali. South ndiyo mwisho wa laini ya 2 upande wa kusini, huko kwa treni za mwendo kasi. Kuna jirani yangu wa biashara alisoma neno "Guangzhou", akaona neno "Railway", akakaa kitini kwa raha zake mpaka mwisho wa laini. Asubuhi yake yote ikaishia huko.

Bintisafari
Mzee amemaliza njia, mimi niseme malipo, maana hapo ndipo dada zangu huaibika langoni.

M-Pesa isahau. Kabla hujatoka Nairobi weka Alipay, programu ya malipo ya Wachina, kwenye simu, uithibitishe kwa pasipoti, uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard. Jaribu ukiwa hapa, usingoje kujaribu kule na watu mia nyuma yako. Ndani yake kuna sehemu ya usafiri. Unachagua mji wa Guangzhou, inakupa msimbo wa mraba (QR) unaouonyesha langoni ukiingia na tena ukitoka. Simu ikizima katikati ya safari una kesi, kwa hiyo beba betri ya akiba.

Kama simu imekushinda, nunua tokeni (si ya stima!). Ni kitu cha duara kama sarafu ya plastiki. Mashine ina kitufe cha Kiingereza. Unagusa jina la kituo, inakuambia bei. Ukiingia unaigusisha tu langoni kisha unaitunza, kwa sababu ukitoka unaitumbukiza kwenye tundu ndipo lango lifunguke. Mimi yangu ya kwanza niliitia kwenye pochi yenye sarafu za Kenya. Jaza mwenyewe.

Nauli inaanzia yuan 2 kwa kilomita 4 za kwanza, kama shilingi 36 hivi. Kijana wa Eastleigh, linganisha na hiyo Didi yako.

Kijana wa Eastleigh
Nimenyamaza.

Bintisafari
Bado sijamaliza. Google na WhatsApp hazifunguki kwa intaneti ya huko. Ukiwasha laini yako ya simu ya Kenya itumike ng'ambo, kwa kawaida zinafunguka, ila bando lina bei. Piga picha za skrini za njia yako na anwani ya hoteli kwa maandishi ya Kichina, uzihifadhi kwenye simu. Matangazo ndani ya treni yana Kiingereza pia, baada ya Kimandarini na Kikantoni, kwa hiyo sikio lisilale.

Nyamakima Mzigo
Mmesahau herufi. Kila kituo kina milango ya kutokea A, B, C, D, vingine zaidi. Usimuulize muuzaji "uko kituo gani" ukaishia hapo, muulize "natokea herufi gani". Mimi nilitokea mlango usio wangu, nikajikuta upande wa pili wa barabara kubwa isiyovukika. Duka naliona kabisa! Nusu saa.

Kuna ukaguzi wa mifuko pia kila unapoingia. Ni kama SGR, ila bila mbwa na bila kupangwa mstari. Ukiwa na chupa ya maji askari anaweza kukuonyesha kwa mkono unywe kidogo. Kunywa, uende. Na pasipoti usiiache hotelini. Mgeni kule anatakiwa kutembea nayo, na Xiaobei polisi huuliza.

Fundi Taa
Samahani kudandia uzi. Anayeenda Canton Fair, yale maonyesho makubwa ya biashara, ashuke wapi?

Mzee wa Kontena
Laini ya 8. Ukumbi wa A shuka Xingangdong, wa B shuka Pazhou, kituo kinachofuata. Fungua uzi wako, tumuache binti.

Mama Pochi
Asanteni sana, Mzee shikamoo. Begi la uwanja wa ndege bado hamjanijibu. Na nikinunua sampuli nitaweza kupanda nazo?

Mzee wa Kontena
Marahaba. Siku ya kufika chukua teksi, si dhambi. Panga foleni rasmi nje, wale wanaokuita ndani ya ukumbi wapite kama hujawasikia. Sampuli mbili tatu begani hazina neno. Marobota yaache, muuzaji atayapeleka ghalani kwa wakala wako.

Bintisafari
Hapo nampinga Mzee kwa heshima. Ukitua mchana treni inatosha, lifti zipo. Laini ya 3 kutoka uwanja wa ndege hadi Jiahewanggang, unahamia laini ya 2, ambayo inaanzia hapo hapo, kwa hiyo kiti unapata. Shuka Guangzhou Railway Station, kisha laini ya 5 kituo kimoja, safari hii upande wa Huangpu New Port. Ukitua karibu na saa tano usiku, teksi, kwa sababu treni ndiyo zinalala. Asubuhi subiri ipite saa tatu na nusu, la sivyo utaingizwa ndani kwa kusukumwa kama gunia la mitumba.

Mama Pochi
Nimerudi jana, nawapa ripoti. Siku ya kwanza nilimsikiza Mzee, nikalala mapema. Siku ya pili nikashuka chini ya ardhi nikiwa nimeandika kiganjani kwa kalamu: 5 Jiaokou, 2 Jiahewanggang. Pale kituo cha reli njia ya kuhamia ni ndefu, nikadhani nimepotea, kumbe ndivyo ilivyo. Sanyuanli nilitokea mlango usio wangu, kama ilivyotabiriwa, ila huko nikakuta duka la vishikio na zipu ambalo wakala wangu hakuwahi kunitajia. Kufikia siku ya nne, Mghana mmoja ananiuliza mimi njia! Nikamuuliza, "Unatokea herufi gani?"

Pochi nyeusi nimezikagua moja moja. Nyeusi.

Kijana wa Eastleigh
Bei ya jumla?

Mama Pochi
Kontena lifike kwanza. Halafu uje Kamukunji kwa teksi.