Tupeane uzoefu: wazee wanaojiandaa na safari ya mwisho

Kitindamimba: Wakuu, bi mkubwa kanituma Kariakoo nikamnunulie sanda. Yake mwenyewe, na mzima wa afya! Kasisitiza nguo tano za mwanamke, maana sanda ya nguo tatu ni ya mwanaume, na karafuu maiti nisisahau. Kwenu yapo haya?

Mdigo Asilia: Kawaida sana. Ya bibi yangu ilikaa sandukuni mpaka ikapiga manjano, akanunua nyingine.

Binti Kibosho: Mmenikumbusha mbali. Bibi alizidiwa usiku, padre akaja akampa mpako wa wagonjwa, tukasali rozari. Kufika alfajiri pumzi hakuna. Shangazi akamfumba macho, mjomba yuko nje anaulizia turubai. Mkono nilikuwa nimeushika mimi. Mara vidole vikakaza! Kafumbua macho, katuangalia mmoja mmoja: "Nani kaniita? Nilishafika mtoni, mama yuko ng'ambo ananipungia khanga." Akalia kwa hasira. Aliishi miaka mingine na hakutusamehe. Kila Novemba 2, misa ya marehemu wote, anavaa gauni lake la kuzikiwa anakwenda nalo kanisani.

Mzee wa Fitna: Duh! Shangazi alibaki ukumbini au alikimbia?

Binti Kibosho: Alipitia dirishani.

Mlinda Sabato: Hiyo ni ndoto. Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lolote. Tunalala mpaka parapanda.

Chuma cha Pua: Na Luka 23:43 mmeinyofoa? "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Leo hivi!

Mlinda Sabato: Alama ya koma kabla ya "leo" iliwekwa na watafsiri, ndugu. Soma "nakuambia leo".

Mzee wa Fitna: Jukwaa la dini liko kule. Bibi wa mtoni aendelee.

Nesi Mstaafu: Mapigo yakishuka sana ndugu hudhani mtu kakata roho. Msimfumbe mtu macho kabla daktari hajathibitisha.

Ustadh Mdogo: Kitindamimba, nunua. Ila arobaini msipike pilau, hitma ni bidaa, uzushi katika dini.

Mdigo Asilia: Wewe ndiye utakuja na sahani ya kwanza.

Mama Kaya: Usinunue, unamchuria!

Chuma cha Pua: Anachuriwa nini mtu aliyejituma mwenyewe? Nunua, kaa naye akueleze anataka kuzikwa wapi, nani amwoshe, deni la nani halijalipwa. Wengine tumegombana makaburini kwa kuona haya kuuliza.

Mzee wa Fitna: Na hati ya kiwanja iko wapi. Hilo uliza kwanza.