Programu imesema 31% ya tasnifu yangu nimeiba. Mashine imfelishe mtu?

Mlezi_wa_Beti: Wakuu, tasnifu yangu ya ushairi imerudishwa. Programu ya chuo inadai 31% nimenakili. Nimefungua ripoti, karibu yote ni beti nilizonukuu, hadi "Haba na haba hujaza kibaba". Methali nayo nimemwibia nani?

Kichwa_Kigumu: Mashine haijafelisha mtu. Imetafuta mifuatano ya herufi inayojirudia, basi. Tangu 1973 mwanasayansi wa kompyuta Peter Weiner alipoleta mti wa tamati (suffix tree), yaani mpangilio unaohifadhi mikia yote ya maandishi, kuanzia kila herufi hadi mwisho, muda wa kazi hiyo unakua sambamba na urefu wa maandishi tu. Tatizo nyie watu wa fasihi, mnanukuu mpaka mnasahau kuandika.

Mlezi_wa_Beti: "Nyie watu wa fasihi"! Bila sisi hata hiyo algorithimu, hizo hatua za kompyuta, usingejua kuiandika.

Dada_Kamusi: Algoriti.

Kichwa_Kigumu: Algorithimu. Darasani tuliambiwa hivyo.

Dada_Kamusi: Na waliokuambia walisomea lugha wapi?

Babu_Terminali: Tulieni vijana. Knuth, yule bingwa wa sayansi ya kompyuta, si alithibitisha kwamba kipande kirefu kuliko vyote kilichomo katika maandishi mawili hakipatikani kwa haraka hivyo?

Kichwa_Kigumu: Shikamoo mzee. Hakuthibitisha, alikisia tu, 1970. Weiner akamuumbua miaka mitatu baadaye.

Babu_Terminali: Marahaba. 1973 nilikuwa na ng'ombe, sikuwa na kompyuta.

Mwl_Jioni: Mimi nasimamia wanafunzi. Programu ikilinganisha neno kwa neno, Kiswahili kinaichenga. Geuza "aliandika kitabu" kuwa "waliandika vitabu": hakuna neno hata moja linalofanana. Mwizi anapita, anayenukuu kwa uaminifu ananaswa.

Kichwa_Kigumu: Kwa herufi hapiti. "Aliandika" nzima imo ndani ya "waliandika", na "itabu" imo.

Mwl_Jioni: Ukishusha kipimo hadi herufi tano, hiyo "itabu" nchi nzima tumeiba.

Babu_Terminali: 😂

Kichwa_Kigumu: Sikusema tano, mwalimu. Msinilishe maneno.

Dada_Kamusi: Ulishayameza mwenyewe, "algorithimu".

Mlezi_wa_Beti: Jamani, swali langu?

Kichwa_Kigumu: Weka beti ndani ya alama za kunukuu, halafu iambie programu iziruke.

Mlezi_wa_Beti: Alama zipo. Msimamizi ndiye aliyekizima hicho kipengele.

Mwl_Jioni: Basi kesi yako si ya mashine.

Dada_Kamusi: Huyo msimamizi anaandika algoriti au algorithimu?