Kugombea ukamishna wa kaunti hapa Minnesota: nianzie wapi?

Ndugu zangu, habari za siku nyingi.

Mimi ni muuguzi, naishi Brooklyn Park mwaka wa kumi na moja sasa, na uraia nimeupata miaka minne iliyopita. Kuna akina mama kanisani wananisukuma nigombee kiti cha kamishna wa kaunti. Kwetu Kisumu, Kenya, kazi ya MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) naijua, na gavana namjua. Hapa kaunti haina gavana na sielewi nani anamjibu nani. Nisaidieni kabla sijakubali. Mume wangu bado ana grini kadi: anaruhusiwa kunichangia? Na kaka zangu nyumbani wameshaanza kuulizia harambee.

Dada yenu, Brooklyn Park

---

Dada yangu, salama kabisa.

Niliwahi kushika uhazini wa kampeni ya rafiki yangu aliyegombea kiti kama hicho kaunti jirani, na hilo swali lako la mwisho ndilo lililotutoa jasho. Acha nianze nalo.

Pesa ya nyumbani isiguse akaunti ya kampeni, hata senti. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu asiye raia wala mkazi wa kudumu kuchangia uchaguzi wowote Marekani, uwe wa rais au wa kaunti. Mumeo mwenye grini kadi ni mkazi wa kudumu, kwa hiyo anaruhusiwa kuchangia, mradi pesa ziwe zake. Sisi usiku mmoja nilikuwa jikoni nalinganisha stakabadhi, nikaona dola 400 za kijana ninayejua karo ya chuo inamtoa roho. Nikampigia. "Si zangu, ni za mjomba wa Moshi, amesema niziweke kwa jina langu." Alifanya kwa mapenzi tu. Asubuhi tukazirudisha, na mjomba akanuna miezi. Wapigie kaka zako simu wiki hii, uwaeleze kwa sauti yako mwenyewe, usisubiri hadi wawe wameshatuma.

Na mumeo asipige kura, wala asijiandikishe, hata afisa wa leseni ya udereva akimwekea fomu mbele. Kudai uraia usio nao kunaweza kumfukuzisha nchini na kumfungia mlango wa uraia moja kwa moja. Nalirudia hili kila mahali kwa sababu watu wetu hutia saini karatasi bila kusoma.

Sasa nani anamjibu nani. Kaunti nyingi za Minnesota zina makamishna 5; Hennepin, yenu, ina 7, na muhula ni miaka 4. Bodi hiyo ndiyo bunge na ndiyo serikali kwa pamoja: inapitisha bajeti, inapanga kiwango cha kodi ya serikali kwa wenye nyumba na ardhi, inaajiri mtendaji mkuu. Sherifu (mkuu wa polisi wa kaunti) anachaguliwa na wananchi moja kwa moja, lakini fedha zake zinapita mezani kwa makamishna. Mama anayeomba msaada wa chakula au Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) hapa Minnesota, faili lake linashughulikiwa kaunti. Hata ile hospitali kubwa ya Hennepin Healthcare ni ya kaunti, na wewe muuguzi utaulizwa habari zake kila mlango. (Kama mwajiri wako ni kaunti yenyewe, ujue ukishinda itabidi uache kazi.)

Fomu ndiyo rahisi. Unaapa kwenye hati ya ugombea, unalipa dola 50, au unakusanya saini badala ya ada. Uwe raia, umri usipungue 21 siku ya kushika kiti, na uwe umekaa kwenye eneo la kiti siku 30 kabla ya uchaguzi. Kwa 2026 dirisha ni Mei 19 hadi Juni 2, na uchaguzi wa mchujo ni Agosti 11 wakijitokeza wagombea zaidi ya wawili. Hakuna chama kwenye karatasi ya kura. Kamati yako ya kampeni ikipokea au kutumia zaidi ya dola 750, una siku 14 kuwasilisha ripoti.

Ugumu uko kwenye hesabu ya watu. Huldah Momanyi Hiltsley, Mkenya mwenzenu, alichaguliwa mwaka 2024 kuingia bunge la jimbo kutoka hukohuko kwenu, na eneo la mbunge mmoja lina watu kama 43,000. Kamishna wa Hennepin ana takriban 183,000. Kura zetu Waafrika Mashariki, hata tukijitokeza wote na watoto wetu waliozaliwa hapa, hazifikishi. Rafiki yangu alianguka kwa sababu hiyo: wikendi nzima nzima tulikuwa kwenye pilau na chai za watu wetu. Mwezi wa kumi ndipo tulipoanza kugonga milango ya wengine. Mzee mmoja Mzungu alitufungulia akiwa na soksi tu, akarudi ndani bila neno, akatoka na barua ya makadirio ya thamani ya nyumba yake aliyokuwa ameibandika kwenye friji. "Nieleze hii." Rafiki yangu alisimama naye kwenye baridi dakika ishirini, wakaisoma mstari kwa mstari. Yule mzee akaomba bango aliweke uani. Nikajiuliza wazee wangapi tuliwapita.

Kwenye majengo ya kupanga, sheria ya jimbo inampa mgombea haki ya kuingia kugonga milango. Meneja akikataa, usigombane naye, mwonyeshe kifungu.

Usijaze chochote kwanza. Nenda ukaketi kwenye kikao cha bodi, Jumanne mchana, Government Center (jengo la kaunti) pale Minneapolis, ghorofa ya 24. Kiko wazi kwa kila mtu.

Kaka yenu, Saint Paul

---

Naongeza moja tu. Mimi nafanya kazi posta, na niliambiwa mtumishi wa shirikisho hawezi kugombea. Hawezi kwenye uchaguzi wa vyama. Kiti hiki cha kaunti hapa Minnesota hakina chama, kwa hiyo anaweza. Dada, mitaa ya Brooklyn Park naijua nyumba kwa nyumba, Jumamosi nitembee nawe.

Brooklyn Center

---

Asanteni sana. Kaka zangu nimeshawapigia; mkubwa kanuna, mdogo kaelewa. Jumanne natoka zamu ya usiku, nitalala hadi saa tano kisha niende huko ghorofa ya 24. Nani anakuja nami?