Naomba ushauri: seva ya majaribio inanigawia madaraja yale yale

Mgebuka_Mkavu
Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanga, Kigoma, na kwa wiki mbili sasa ninajifunza kuendesha BridgeDB, programu ambayo mradi wa Tor (mtandao wa kuficha utambulisho na kukwepa vizuizi) uliitumia kwa miaka mingi kugawa madaraja, yaani seva za kuingilia zisizotajwa kwenye orodha ya wazi, ili anayezuia mtandao asizifunge zote kwa mkupuo. Nimeiweka kwenye kompyuta ya mezani nyumbani, nikatengeneza madaraja 200 ya uongo kwa leekspin nisije nikayaanika ya kweli. Ukurasa unafunguka na picha ya herufi za kuthibitisha kuwa si roboti inakuja, lakini kila nikiomba ninapewa yale yale. Nimejaribu kwa simu yangu, ya mke wangu na ya kijana wa duka la dagaa, zote kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Nimesakinisha upya mara mbili, na mara ya pili umeme ulikatika katikati. Je, hifadhidata imeharibika?

Fundi_Ujiji
Ndugu yangu, hakuna kilichoharibika, na pole kwa kusakinisha bure. Programu haikutambui kwa simu, inakutambua kwa mtaa wa anwani yako ya IP: kwa IPv4, yaani anwani ya namba nne, hutazama namba mbili za mwanzo tu, ikazichanganya na kipindi cha mzunguko (muda ambao majibu hayabadiliki), kisha ikachagua madaraja. Simu zako zote zinaanza na 192.168, kwa hiyo kwake ninyi ni mtu mmoja. Imefanywa hivyo makusudi, kwani kama kila ombi lingeleta madaraja mapya, mzuiaji angekaa siku moja akiomba na kufikia jioni angekuwa nayo yote.

Mgebuka_Mkavu
Nashukuru sana. Sasa nitajifanyaje watu wa mitaa tofauti nikiwa chumba kimoja?

Fundi_Ujiji
Kwenye faili la mipangilio, weka HTTPS_USE_IP_FROM_FORWARDED_HEADER kuwa True, kisha tuma maombi kwa curl, amri ya kuomba kurasa za wavuti, ukibandika kichwa cha X-Forwarded-For, yaani mstari wa ombi unaotaja anwani ya mwombaji, chenye anwani unayoitaka.

Bibi_Seva
Naomba niongeze, maana hapa ndipo watu huumia. Chaguo hilo ni la seva iliyo nyuma ya Apache, programu ya wavuti inayopokea maombi kwanza, ambayo ndiyo huandika kichwa hicho. Ukiliacha wazi bila mlinzi huyo, mtu yeyote atajibandika anwani elfu moja na kuyavuna madaraja yote. Vilevile, jaribio lako linapima ugawaji peke yake. Kujua kama daraja linapitika ni kazi ya bridgestrap, na madaraja ya leekspin hayatapitika kamwe. Ukishaelewa mantiki hii, hamia rdsys, ambayo imechukua nafasi ya BridgeDB.

Mgebuka_Mkavu
Nimejaribu anwani sita. Mbili zenye mwanzo mmoja zimepata jibu moja, nyingine nne zimepata madaraja tofauti. Chaguo nimeshalizima, Bibi, na rdsys nitaianza Jumamosi.