Kuku na wali wa trei moja (kikundi cha familia)

Neema: Shikamooni wakubwa. Jumamosi napika kuku wa sosi ya soya na wali, vyote trei moja kwenye oveni. Watu 6. Naomba vipimo.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Mapaja 6 yenye mfupa na ngozi. Kidari achana nacho, kinakauka wali bado. Sosi ya soya vijiko vikubwa 4, asali 1, siki 1, tangawizi iliyokunwa 1, kitunguu swaumu punje 4 zilizotwangwa. Pakaza, weka friji. Nusu saa inatosha, usiku kucha ni bora zaidi.

Neema: Na chumvi?

Shangazi Rehema: Usitie! Soya yenyewe ni chumvi tupu. Ukiongeza na kidonge cha supu, hakuna atakayekula.

Mama mdogo Asha: Asome na chupa. Ile soya nyeusi nzito ni ya rangi, kijiko cha chai kimoja tu. Vijiko 4 ni vya ile nyepesi.

Neema: Mchele wa Mbeya unafaa?

Mjomba Hamisi: Tena sana. Vikombe 2, osha mpaka maji yaache weupe, kisha uchuje dakika 10. Ukiutia ukiwa unavuja maji, kipimo kimeshaharibika.
Maji vikombe 3, na YAWE YANACHEMKA. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Maji ya baridi yanachelewa kupata moto ndani ya oveni, mchele unalowa tu huko chini: unatoka bokoboko chini, juu una kiini.

Neema: Vikombe 3 si vichache?

Mjomba Hamisi: Kuku naye anatoa maji. Kama ametoka kwenye barafu, ayeyuke kabisa na umfute kwanza, la sivyo utakula uji.

Shangazi Rehema: Mchele chini, miminia maji na sosi iliyobaki kwenye bakuli, kuku juu, ngozi itazame juu. Foili mara mbili, bana kingo zote. Mvuke ukitoroka, wali hauivi. Nyuzi 190, dakika 35, na usifunue kuchungulia. Kisha toa foili, panda mpaka 220, dakika 15 ngozi ishike rangi. Simama karibu, asali inaungua upesi.

Wifi Zuhura: Sisi tusio na oveni?

Mama mdogo Asha: Sufuria nzito, mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko, kama unavyopalia pilau. Ila hapo usitie asali mwanzoni, itashika ukoko mchungu. Mpake kuku mwishoni.

Wifi Zuhura: Na kuku wa kienyeji?

Mama mdogo Asha: Mchemshe kwanza mpaka akaribie kulainika, halafu supu yake ndiyo iwe maji ya wali. Mbichi hataiva kwa muda huo.

Neema: Mafuta ya ufuta nayaweka lini?

Shangazi Rehema: Mwisho kabisa, kijiko cha chai, pamoja na majani ya vitunguu. Yakikaa motoni harufu yote inakwenda. Huna? Kaanga ufuta mkavu, nyunyiza.
Kata paja nene karibu na mfupa: maji yakitoka mekundu, rudisha dakika 10. Yakiwa meupe, acha trei itulie dakika 10 ndipo upakue.

Mjomba Hamisi: Kiporo kiingie friji ndani ya saa 2. Wali ukilala mezani unaumiza tumbo hata ukiupasha.

Neema: Asanteni. Trei yangu ni ya kina kifupi, sentimita 3 hivi.

Mjomba Hamisi: Itamwagika. Azima ya Zuhura, ile ya lazanya.